Vifungo vya Kaburi la Kionga

Domingas alizaliwa bara, upande wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutegua mabomu ya ardhini. Kazi hiyo ilimfundisha kutoiamini ardhi, na baadaye hata watu. Mwaka 2013, gesi ilipokwisha kugunduliwa baharini na mashamba ya pwani yakaanza kupimwa, aliajiriwa kukagua ardhi ya Kionga kwa mashine ya kutafutia chuma.

Shamba la minazi la mjane Wahida lilikuwa na kaburi ambalo mwenyewe alisema ni la babu wa ukoo. Domingas alilitazama kwa shaka. Tangu habari za fidia zienee, makaburi yalikuwa yakiota mashambani kama uyoga. Wahida naye alimfuata nyuma hatua kwa hatua, akiamini kwamba mwanamke huyu wa bara ametumwa kumnyang'anya.

Mashine ililia kando ya kaburi. Domingas akachimbua kina cha kiganja tu, akatoa kifungo cha shaba chenye taji.

"Umekitoa mfukoni mwako," Wahida alisema.

"Mifuko hii hapa, mama. Pekua."

Wahida akaipekua kweli, yote, akakuta leso na kipande cha muhogo mkavu.

Armando, mpimaji ardhi, alifurahi. Muislamu huzikwa kwa sanda, alieleza, na sanda haina vifungo. Basi aliyelala hapa ni askari. Akachomeka kigingi chekundu, maana yake kaburi la kijeshi: litahamishwa, na wenye shamba hawana kauli juu yake wala fidia. Kisha akaenda garini kupiga simu.

Domingas hakuridhika. Aliendelea kukagua, akapata kifungo kingine, chenye tufe lililozungukwa na pete. Vyote viwili alikwisha kuviona kwenye maboma ya zamani. Taji lilikuwa la Mjerumani, aliyeishika Kionga hadi 1916. Tufe lilikuwa la Mreno wa jamhuri, aliyemfukuza. Hakuna maiti anayevaa makoti ya maadui wawili. Basi nani alivileta hapa? Alimuuliza Wahida, naye akajibu upesi mno kwamba hajui.

Mashine ikalia mara ya tatu. Domingas alipofukua, kikaonekana kifungo cha chuma cha jeshi la baada ya uhuru. Wahida akakikanyaga.

"Ondoa mguu, mama."

"Siondoi."

Domingas akachutama, akamuuliza kwa sauti ndogo ni cha nani. Wahida alitazama garini kwanza.

"Mwanamume wetu akichukuliwa jeshini, tunamwombea hapa. Akirudi, tunakata kifungo kimoja cha koti, tunakifukia, asiitwe tena. Hiki cha kaka yangu Dauto. Yeye alitoroka."

Dauto alikuwa mvuvi katika kisiwa cha Rongui, mtu mzima mwenye wajukuu, lakini dada yake hakuamini kamwe kwamba serikali husahau.

"Viwili vinanitosha," Domingas alisema, akasukuma mchanga juu ya ule mguu.

Alimpelekea Armando vifungo viwili, akamweleza miaka ya kila kimoja na desturi ya wanawake wa hapo. Armando alivigeuzageuza kiganjani.

"Havipo vingine, Dona Domingas?"

"Upande ule nimemaliza."

Armando alimkazia macho, kisha akang'oa kigingi chekundu, akachomeka cheupe, cha kaburi la ukoo.

Wahida hakushukuru. Alibaki amesimama palepale, mguu mmoja mchangani, hadi gari lilipotokomea.