Mgeni Aliyetaka Kutumwa

Enzi zetu sisi watoto wa mtaa wa Pasiansi, kando ya ziwa, mtu alizaliwa, akanyonya, akatambaa, kisha akaanza kutumwa. Hapakuwa na hatua nyingine katikati. Ukishajua kutembea na kutaja jina la baba yako, unakabidhiwa chupa ya mafuta ya taa na kuambiwa nenda dukani, na ole wako umwage. Tulitumwa kuazima kinu, kurudisha sufuria, kumwita fundi baiskeli, kumwambia mama fulani kwamba kikao cha kikundi kimesogezwa mbele, kuangalia kama kunguru hawajaanza kula dagaa walioanikwa juu ya mawe. Uko katikati ya rede, umebakiza kidogo tu ushinde, unasikia jina lako linapita juu ya mabati ya nyumba zote: "Kabulaaa!" Unaacha mpira, unakimbia. Mama anatema mate chini, anakuambia, "Yakikauka hujarudi, utanitambua." Nami nilikimbia kweli, kupanda na kushuka kwenye yale majabali yetu, nikiomba jua lisiwe kali.

Nilikuwa kifungua mimba, tena wa kike, kwa hiyo nilitumwa na kila mwenye sauti: mama, baba, wapangaji, hata wapita njia wasionijua jina. Mdogo wangu Baraka alitumwa pia, ila yeye alikuwa na kipaji cha kufika dukani na kusahau alichofuata, basi watu waliona heri waniite mimi. Nilipofika kidato cha pili nilishajiapiza kwamba nikiwa mkubwa nitakaa kwenye kiti na kutuma dunia nzima. Sasa hebu fikirini nilivyomwonea wivu Ingrid.

Ingrid alikuwa msichana wa rika langu kutoka Norwei, aliyekuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi kukaa kwetu miezi sita na kusoma shuleni kwangu. Baba, ambaye alikuwa karani bandarini, ndiye aliyesaini karatasi. Lakini aliyempokea hasa alikuwa mama. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hakujua kufanya jambo nusunusu. Alipaka nyumba chokaa, akaninyang'anya kitanda, akanunua chandarua kipya, kisha akatutangazia mezani: "Huyu mtoto wa watu ataondoka hapa mnene kuliko alivyokuja. Mwenye la kusema aseme sasa."

Kuanzia siku hiyo Ingrid alikula sato wa kukaanga, sisi tukala dagaa wetu. Alikuwa na chupa yake ya chai. Aliketi kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, lile ambalo sisi tuliruhusiwa kulikalia Krismasi tu, tena kwa kuangaliwa. Akigusa ufagio, mama anamwahi: "Weka chini mama, utachoka." Akishika ndoo, ndoo inaondoka mkononi mwake kabla hajainama. Shuleni nako ikawa hivyo hivyo. Wenzake tunadeki madarasa na kufyeka nyasi, yeye kawekewa kiti kivulini kama mkaguzi. Nilipiga hesabu zangu za kitoto nikaona kwamba Mungu ana upendeleo.

Hata hivyo tulipatana, na upesi. Alikuwa na kicheko cha ghafla kilichomtoa machozi, na alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kuniuliza nafikiri nini kisha akanyamaza kusubiri jibu. Mama akiwa kazini, tulijificha nyuma ya jiko, nikamfundisha kuchambua dagaa. Alikuwa mzito, lakini alichambua kwa bidii ya mtu anayefanya mtihani. Kabla mama hajarudi ananawa mikono kwa sabuni, anarudi kwenye kochi lake.

Mwezi wa pili ulipokwisha, tulikuwa tumekaa juu ya jiwe kubwa la nyuma ya nyumba, pale unapoliona ziwa lote mpaka macho yanapoishia. Ingrid akasema, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Mama hanitaki."

Nilicheka. "Sato unakula wewe, dagaa nakula mimi. Nani hatakiwi hapo?"

"Wewe anakuita. Baraka anamwita. Mimi, hakuna mtu anasema, Ingrid, nenda. Miezi miwili nakaa kwenye kochi kama mgonjwa."

Kisha akaniambia lililobaki. Alikuwa amemwandikia mratibu wa mpango, kijana mmoja mwenye ofisi mjini, kumwomba amhamishie familia nyingine kule Mkolani. Mratibu amekubali. Jumamosi ya wiki inayofuata, saa nane mchana, anakuja kumchukua. Akaniapisha nisimwambie mama.

Mkolani ni upande wa pili wa mji, na angehama shule pia. Nilikasirika kwanza, halafu nikaumia. Niliumia kwa ajili yangu, maana sikutaka kumpoteza. Niliumia zaidi kwa ajili ya mama, ambaye angeamka Jumapili na kusikia kanisani kwamba mzungu amemkimbia. Mwanamke aliyemaliza kuku wake wote kwa ajili ya mtoto wa watu! Nikaamua pale pale juu ya jiwe: Ingrid haondoki. Kabla ya Jumamosi mama atamtuma, atake asitake.

Nilianza kwa njia iliyonyooka. Nilimfuata mama akiwa anasahihisha madaftari nikamwuliza, "Mama, mbona humtumi Ingrid?"

Aliweka kalamu chini. "Mgeni anatumwa? Unataka Pasiansi nzima iseme nimemleta mtoto kutoka Ulaya aje kuwa mtumishi wangu? Na wewe nani kakutuma kuniuliza?"

Basi nikaja na mbinu. Jumatatu, saa ile mama anapoanza kupika na kugundua vitu vimepungua, nilimshika Baraka mkono tukajificha ufukweni nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa. Nilijua atabaki na Ingrid peke yake, na mahitaji hayasubiri. Alituita mpaka sauti ikakauka. Halafu, nasimulia kama nilivyosimuliwa na Ingrid mwenyewe, alijifunga khanga, akamwachia mgeni sahani ya karanga pale kwenye kochi, akaenda dukani kwa miguu yake. Ugali ukaungua. Tuliporudi nilichezea fimbo. Jumanne nikajificha tena, akaenda tena. Jumatano vilevile. Tulishindana ukaidi siku tatu, na kwa kuwa ukaidi wangu niliurithi kwake, yeye alikuwa na wa akiba. Alhamisi sikuweza kukaa vizuri kwenye dawati.

Ijumaa nikavunja kiapo. Nilimweleza mama kila kitu, barua, mratibu, Mkolani, saa nane. Alikaa chini kwenye kigoda taratibu.

"Nimemkosea nini?" aliuliza. Sijawahi kumsikia mama akiuliza swali kwa sauti ndogo namna ile. "Kuna kitu gani sikumpa?"

"Sisi unatutuma kwa sababu ni wako," nikasema. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, lilinitoka tu, na nilipolisikia nikajua kwamba ni kweli, na kwamba miaka yote nilikuwa nalalamikia kitu nisichokijua thamani yake. Mama akaniambia niende nikachote maji.

Jumamosi tangu asubuhi alikuwa anajaribu. "Ingrid mwanangu," anaanza, "samahani, kama hujachoka, na kama hutajali, nilikuwa naomba..." Ingrid anageuka, macho yamemtoka kwa matumaini. Mama anageuza maneno. "Nilikuwa naomba uendelee kupumzika." Mara tatu nimehesabu. Mara ya tatu nikamfuata jikoni nikamwambia, "Mama, mimi huwa unanituma hivyo?" Akanifinya. Niliona ana machozi, akasingizia moshi.

Ilipokaribia saa saba alitaka kupepeta mchele wa kumpikia huyo mratibu, maana hata anayekuja kukunyang'anya mtoto lazima ale. Akatafuta ungo. Ungo haukuwepo. Ikakumbukwa kwamba uko kwa Mama Editha, jirani yetu wa juu kwenye mawe, aliyeuazima tangu Jumatano. Mama alivuta pumzi, akafumba macho, kisha akapaza ile sauti ya kuniitia mimi:

"We Ingrid! Hebu kimbia kwa Mama Editha, mwambie anipe ungo wangu, tangu Jumatano kaukalia! Na usizubae njiani!"

Ingrid aliruka kutoka kwenye kochi kwa nguvu hata vitambaa vya kufuma vikaanguka sakafuni. Alitoka na ndala moja mguuni, nyingine aliivaa akiwa ameshafika njiani. Mama alibaki amesimama na mwiko mkononi.

Kwa Mama Editha ni dakika kumi kwenda na kurudi. Zikapita ishirini. Ikapita nusu saa. Saa nzima ikapita. Mama anakwenda mlangoni, anarudi. "Wewe ndiye uliyenitia maneno," ananiambia. "Akipotea? Akianguka kwenye mawe? Nitamwambia nini mama yake?" Kweli nilianza kuogopa. Nilikuwa nimeshavaa viatu niende kumtafuta nilipomwona anashuka, ungo kichwani, na watoto wa mtaa mzima nyuma yake. Kumbe alimpa shikamoo kila mtu mzima aliyekutana naye, na kila mmoja alimsimamisha kumwuliza anakwenda wapi, naye akajibu kwa kirefu. Mama Editha alimkalisha akampa uji. Wakati wa kurudi alipita kwenye rede, na nyinyi mnajua rede.

Mama hakumngoja afike. "Nimekutuma kuchukua ungo au kuusuka? Jua limefika huku, mchele haujapepetwa, mimi nakaa hapa roho mkononi, wewe uko unacheza! Nani kakufundisha tabia hiyo?"

Ingrid alisimama na ungo wake kichwani, tabasamu limemjaa uso mzima.

"Unacheka? Nakugombeza unacheka? Kabula, mwangalie, huyu anacheka!"

Hapo ndipo tulipomwona mratibu. Alikuwa amesimama pembeni ya nyumba na faili lake kwapani, na alikuwa amesikia yote. Alimwamkia mama kwa adabu, kisha akasema, "Mama, nimesikia mwenyewe. Sina haja ya kuuliza zaidi. Ingrid, chukua mizigo yako, gari liko barabarani."

Nilimwona mama anapungua kimo mbele yangu. Angeweza kujieleza, na sisi tungemsaidia kusema. Badala yake aliupokea ule ungo kutoka kichwani kwa Ingrid, akamwaga mchele ndani yake, akaanza kupepeta, na bila kumtazama mtu akasema, "Ingrid, mletee kaka yako kiti. Mgeni hasimami."

Ingrid alikwenda mbio. Alirudi na kiti cha mbao, akakifuta kwa upande wa khanga yake kama alivyoniona nikifanya mimi, akakiweka mbele ya mratibu. "Karibu, mgeni," alimwambia. "Kaa. Mimi siendi. Mama ana kazi nyingi."

Yule kijana alikaa. Alihamishiwa ndani kwenye kochi, akawekewa sato, akala peke yake huku akitutazama sisi tuliokaa chini kwenye mkeka na dagaa wetu, tulikuwa wanne na mama. Alipomaliza alishukuru akaondoka na faili lake.

Miezi minne iliyobaki tuligawana kutumwa, mimi na yeye, na nakiri nilimwachia zile safari za mbali. Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, sote tulilia isipokuwa mama. Yeye alimpa kifurushi cha dagaa waliofungwa vizuri kwa gazeti na kitenge juu yake, akamwambia, "Nakutuma kwa mama yako. Mpe hiki, mwambie nimemshukuru kwa kunipa wewe. Na usizubae njiani." Ingrid alikishika kile kifurushi kwa mikono miwili mpaka alipopotea mlangoni.

Leo naishi Kiseke, kwenye nyumba yenye geti, na geti lina kengele. Binti yangu Neema ana miaka kumi na minne. Hajawahi kuazima kitu kwa jirani, wala jina la jirani halijui. Akitaka soda anabonyeza simu, kijana wa bodaboda anagonga kengele, soda inaingia. Siku moja nilimwomba akamwite fundi anayekaa mlango wa tatu kutoka kwetu, akaniuliza, "Namba yake unayo?" Namcheka, lakini kosa ni langu. Naogopa magari, naogopa watu, nimemlipa dada wa kazi afanye kila kitu, na mtoto wangu nimempa kila kilicho kizuri. Jana nilimkuta amekaa kwenye kochi, miguu juu, kimya, nyumba nzima hakuna anayemwita. Nikamkumbuka Ingrid.

Kwa hiyo nimeamua. Leo jioni nitasimama jikoni na kupaza sauti kama mama yangu, na Neema ataweka simu chini, atatoka getini kwa miguu yake, ataamkia watu njiani, ataniletea chumvi. Chumvi ninayo, pakiti tatu kabatini. Ataenda hivyo hivyo, na akichelewa nitamgombeza.