Usipande Chomboni na Neno Mdomoni

Mimi nina hasira, sitaki kuficha. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ndita, mkunga akadhani nimemdharau. Kwa hiyo siku ile mume wangu aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka Riyadh, nami niko jikoni Jeddah nakatakata vitunguu, akasema, "Mama Watoto, yale mambo ya kurudi nyumbani, mimi halas," sikumwuliza chochote. Niliufuta ujumbe. Nikalia, na madam, mwajiri wangu, akadhani ni vitunguu.

Halas ndilo neno la kwanza nililojifunza huku, kabla hata ya kujua kuomba maji. Mtoto akimwaga juisi mara ya tatu, madam anapaza sauti, "Halas!" Yaani basi, koma, sitaki kusikia tena. Ndugu wakigombana sebuleni, baba mwenye nyumba anatia neno moja tu, halas, na kila mtu anafyata ulimi. Mimi sikuwahi kulisikia likisemwa kwa upole.

Sasa fikiria. Mikataba yetu sote wawili ilikuwa inaisha baada ya Ramadhani. Tulikwisha kupatana tangu mwanzo: miaka miwili, haizidi, halafu tunarudi kwa watoto wetu wawili wanaolelewa na mama yangu kwetu kando ya Mto Tana, tunafufua shamba la ndizi, tunaanza kuishi kama mke na mume. Wakala aliyetusafirisha alituambia, "Nchi ni moja, mtaonana kila Ijumaa." Muongo mkubwa! Kutoka Jeddah hadi Riyadh ni kutwa nzima barabarani. Katika miaka miwili tulikuwa hatujaonana hata mara moja. Kurudi pamoja ndiko kulikokuwa kumeniweka wima, na sasa mwenzangu ananiambia halas.

Wiki moja baadaye madam akaniuliza kama nitaongeza miaka miwili mingine. Nikamjibu ndiyo, papo hapo, hata sufuria sikuiweka chini. Nilisema moyoni, kama yeye harudi, mimi nirudi kwa nani? Nikae na mama yangu nihesabu migomba? Madam alifurahi, akanipa chupa ya manukato aliyoifungua mara moja tu. Akasema karatasi tutazimaliza tukitoka Riyadh, kwa sababu dada yake alikuwa amejifungua na tulikuwa tunakwenda kumtazama kwa wiki nzima. Hasira, hasara, wazee walisema. Mimi methali hiyo siipendi, kwa kuwa kila mtu hunisomea mimi tu.

Nilipompigia mume wangu kumwambia nakuja Riyadh, nilizungumza kama naongea na fundi wa bomba. Yeye alipiga kelele za furaha mpaka nikaiondoa simu sikioni.

"Omba ruhusa ya Ijumaa," akasema. "Nitakupeleka mtoni, tukawinde."

"Riyadh na mto, wapi na wapi?"

"Wewe omba Ijumaa, Mama."

Dada yake madam anakaa Malqa, kwenye nyumba ambazo ukuta wake peke yake ungetosha shule nzima kwetu. Ijumaa asubuhi mume wangu alisimama getini amevaa shati lililopigwa pasi, na mkononi ameshika cheti chetu cha ndoa cha kanisani, amekitia kwenye plastiki ngumu. Alikuwa amesafiri nacho kutoka nyumbani. Madam alikishika, akakitazama juu chini, hajui kusoma hata herufi moja ya yale maandishi, kisha akaitazama ikama ya mume wangu, kibali chake cha kukaa nchini, kisha akanitazama mimi. Akasema nirudi kabla ya magharibi. Mume wangu alikuwa amekonda shingo, na mvi mbili zimemtoka kidevuni ambazo sikuwa nazijua. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka nimekasirika, nikampa mkono.

Yeye ni dereva wa lori la mboga. Kila siku hutoka kwenye nyumba ya wafanyakazi kule Batha, huenda mashamba ya kusini mwa mji, hupakia nyanya na matango, huyapeleka sokoni. Siku hiyo alikuwa ameazima pikapu ya shambani. Njia nzima alizungumza yeye. Mimi nilijibu "eh" na "mm", na palipozidi, "kumbe". Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Yeye, maskini, alikuwa ananionyesha daraja.

Tulipofika Al-Hair, kusini mwa mji, nilisahau kununa kwa muda. Haki ya Mungu, ulikuwa mto. Maji yanatembea, matete marefu huku na huku, ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja, na nyuma yake majabali makavu yasiyo na hata jani. Niliinama nikatia mkono. Maji ya baridi. Nikauliza yanatoka wapi, maana mvua ya huku naijua.

"Riyadh," akasema. "Maji machafu ya mji mzima, ya mabafu na ya majikoni. Yanasafishwa, yanamwagwa huku."

Nikautoa mkono upesi. Akacheka mpaka akashika magoti.

"Usiwe na wasiwasi. Wewe na wenzako mnaoosha vyombo Malqa ndio mliouleta huu mto. Bila nyinyi hapa pangekuwa mchanga mtupu."

Mahali matete yamepungua alikuwa amekificha chelezo alichokitengeneza mwenyewe: matyubu mawili ya tairi za lori, na juu yake mbao zilizofungwa kwa kamba za kufungia makreti ya mboga. Upondo alikuwa nao, mti mrefu wa kupigia chini kusukuma chombo. Na alikuwa na chusa. Nilipoiona chusa nikabana kicheko. Alikuwa amefunga sindano tatu za kuchomea mishikaki kwenye mpini wa fagio. Kwetu hivyo ndivyo tulivyochumbiana, msinione mshamba. Msimu maji yanapopungua, tulikuwa tunateremka na mkondo kwa mtumbwi kuwinda kambare kwenye majani, mimi mbele na chusa, yeye nyuma na upondo. Wa mbele hasemi. Ananyoosha mkono kushoto, chombo kinakwenda kushoto, anakunja ngumi, kinasimama. Watu walikuwa wanasema tunawinda vizuri kuliko tunavyoongea, na ni kweli.

Lakini kuna desturi moja ya bibi yangu, na mume wangu alijifunza kwake. Watu wawili hawapandi chombo kimoja mmoja wao akiwa na neno moyoni. Linasemwa ukingoni, kisha unatema mate majini, mnakwenda. Bibi alikuwa akisema neno lisilosemwa lina uzito wa mtu wa tatu.

Mume wangu akasimama ukingoni, akatema yake. Kisha akanitazama.

"Haya, tema."

"Sina neno."

"Mama Watoto."

"Nimesema sina neno! Twende, jua linapanda."

Alinitazama kidogo, akashika upondo. Nikaikunja abaya kiunoni, nikakaa mbele. Nilidanganya mto, na nilijua ninadanganya.

Tukateremka. Huo mwendo siwezi kuusahau. Maji yalikuwa ya kina cha kiuno tu, yanakwenda polepole, na matete yalifunga pande zote mbili hata ukasahau kwamba nyuma yake kuna jangwa. Nikanyoosha mkono kushoto, chelezo kikaenda kushoto. Kulia, kulia. Miaka miwili sijamwona, na bado mkono wangu ulikuwa unaongea na mikono yake. Nilijiambia, huyu ndiye asiyetaka kurudi na mimi? Nikaikaza chusa.

Ndipo nikamwona kambare. Mweusi, mnene kama mkono wangu, amelala kwenye kivuli cha matete, sharubu zake zinacheza. Nikakunja ngumi. Chelezo kikasimama kimya. Nikainuka taratibu, nikainua chusa, na yule mwanamume nyuma yangu, furaha imemzidi, akavunja sheria, akanong'ona:

"Halas, Mama! Halas!"

Ebo! Sikumbuki vizuri nilivyogeuka. Nakumbuka niligeuka mwili mzima na chusa mkononi, tyubu moja likainuka, na mbingu ikaenda upande. Nilipoibuka nilikuwa nimesimama kwenye maji ya mabafu ya Riyadh mpaka kiunoni, mtandio umenifunika uso, na mume wangu ametokeza upande wa pili wa chelezo na jani la tete kichwani.

"Halas nini?" nikapiga kelele. Ndege wote waliruka. "Kila kitu kwako ni halas! Nyumbani halas, watoto halas, mimi halas! Ungeniambia uso kwa uso kwamba hurudi, si kunitumia ujumbe nami nakata vitunguu!"

Alinikodolea macho. "Nani harudi?"

"Wewe! Ulisema yale mambo ya kurudi nyumbani, wewe halas!"

"Ndiyo. Halas." Akafanya ishara ya kukaza kamba. "Nimemwambia kafili, tajiri wangu, siongezi mkataba. Amekubali. Tiketi yangu ni baada ya Idi. Halas!"

Nilisimama pale abaya inaelea pembeni yangu. Yeye akaanza kunieleza polepole, kama mtu anayemkaribia ng'ombe mkali. Kule shambani kwao, lori likishajazwa na kamba zikikazwa, msimamizi hulipiga bodi makofi mawili na kusema, "Halas!" Maana yake kila kitu kiko tayari, washa, nenda. Ndilo neno zuri kuliko yote katika siku yake. Hakuwa akijua halas nyingine. Na mimi kule kwa madam Jeddah sikuwa nikijua hiyo yake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na sisi tulikuwa tumejikwaa kwa ulimi wa watu.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu unanijibu eh na mm. Mimi nilidhani umepata raha ya Jeddah, hutaki tena. Nililala na hofu, Mama. Ndiyo maana nikajenga hiki kidude. Nilisema tukiwinda pamoja utakumbuka."

Hapo ndipo nililia sawasawa, bila kitunguu. Kwa sababu bado kulikuwa na neno langu, na hilo halikuwa kosa la lugha. Lilikuwa kosa langu.

"Nimemkubalia madam miaka miwili," nikasema.

Maji yalipita katikati yetu. Jani lilikuwa bado liko kichwani mwake, na mimi sikuweza kulicheka.

"Umetia sahihi?"

"Bado. Ni mdomo tu. Karatasi ni tukirudi."

Akavuta pumzi mpaka mabega yakashuka. "Kama ni mdomo tu," akasema, "neno la mdomo linatemwa. Tema."

Nikatema. Nilitema pale pale, kwenye mto nilioudanganya, nikatema mara ya pili kwa ajili ya yale manukato. Naye akaja akaniondolea mtandio usoni, na hapo sasa nikamkumbatia, tumelowa sote wawili, tunatetemeka, tunanuka matope. Tukakigeuza chelezo, tukapanda upya. Kambare wa kwanza alikwisha kwenda zake, wa pili nikamkosa, wa tatu nikampata barabara. Hatukumla. Nilikataa katakata kula kitu kilichonenepea mabafu ya watu. Wafanyakazi wa shambani walimpokea kwa shangwe, wakatukaushia nguo, wakatupa chai.

Nilirudi Malqa kabla ya magharibi, abaya imekauka na mikunjo yote ya dunia. Mume wangu hakuniambia niseme nini. Getini alinyoosha tu mkono mbele, kama mimi ninavyofanya chelezoni, yaani nenda moja kwa moja.

Madam alikuwa sebuleni amempakata mtoto wa dada yake. Nilijua nikingoja Jeddah nitaingiwa na woga, kwa hiyo nikamwambia palepale, kwa Kiarabu changu cha jikoni.

"Madam, ile miaka miwili, halas."

Uso wake ukang'aa. "Halas? Mashallah! Tumekubaliana!"

Lo! Nilitamani kucheka na nilitamani kukimbia. Ungekuwa mwezi uliopita ningenyamaza, ningejifungia jikoni na kununa, na karatasi zingepita. Nikavuta pumzi.

"La, madam. Miaka miwili mafi, hakuna. Mimi nakwenda kwangu, na mume wangu. Baada ya Idi."

Kung'aa kule kukazimika. Akaitazama abaya yangu yenye mikunjo, akamhamisha mtoto bega la pili. Niliogopa. Alikuwa na uwezo wa kunifanyia miezi iliyobaki iwe migumu, na sote wawili tulijua. Mwishowe akasema neno moja tu.

"Halas."

Kisha akageuka kuondoka. Mimi nikabaki nimesimama na lile neno. Basi, koma, sitaki kukusikia? Au tayari, kamba zimekazwa, nenda? Sikungoja wiki tatu. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Madam, samahani. Halas ipi?"

Akasimama. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo maishani mwake. Alifikiri, na pembe ya mdomo wake ikalegea.

"Tiketi nitakukatia," akasema. "Lakini kwanza umfundishe kupika chapati huyo atakayekuja. Zako, si za duka. Sawa?"

"Halas, madam," nikamjibu. Kisha nikaongeza upesi, "Yaani ndiyo."