Mhusika Mkuu wa Ukurasa wa Kabichi

Namshukuru Mungu, ambaye hata uzeeni ameniachia macho ya kusoma riwaya na akili ya kuandika programu. Programu yangu ya kutengeneza tovuti ni huria: yeyote aichukue bure, airekebishe. Wakulima wa mboga wa Mgeta waliichukua ili wanunuzi wa Dar wawapate.

Kila ukurasa una nafasi ya “Mhusika”, yaani kiongozi. Nikiijaribu, nilibandika humo maelezo ya riwaya niliyokuwa nasoma, nikasahau kuyafuta; yakatokea kwenye ukurasa wa wakulima. Jumapili, baada ya misa, mwenyekiti wao akanisimamisha mbele ya kwaya nzima, simu mkononi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mama.”

“Chini ya picha yangu umeandika: mhusika mkuu ni mlafi na mwongo, atakufa sura ya saba. Mnunuzi wetu ameghairi kabichi!”

“Huyo ni wa riwaya, mama.”

“Mzee wa sala na riwaya wapi na wapi? Ziache!”

“Kosa nitalifuta leo. Riwaya siachi. Mpigie mnunuzi, nimweleze.”

Akapiga, akaweka spika. Kwaya ikasogea kunisikia nikikiri na kutaja riwaya yenyewe. Mnunuzi akacheka sana.

“Basi kabichi nachukua, mzee. Ila ungeniachia nifike mwenyewe sura ya saba. Kitabu hicho nakisoma!”

Nawe msomaji, Mungu akujalie kusoma bila kumwomba mtu ruhusa.