Waya Uliofuata Sauti ya Rimu

Tangu tulipomzika mume wangu, gitaa lake lilibaki limetundikwa kwenye msumari, juu ya magunia ya mahindi. Vumbi nililifuta kwenye mbao tu. Nyuzi sikuzigusa, kwa sababu alizikaza yeye kwa vidole vyake. Nguo zake ndugu walishagawana siku ya kumaliza matanga. Gitaa ndilo lililobaki kama alivyoliacha.

Msimu wa kahawa ulipofika, nikawa mimi ndiye wa kulinda vichanja. Kahawa tunaianika uani juu ya vichanja, na lazima mtu awepo wa kuigeuza na kufukuza kuku. Zamani kazi hiyo ilikuwa yake. Aligeuza, akakaa kwenye kigoda, akapiga wimbo wake mmoja usio na maneno, aliojitungia mwenyewe. Wakati mwingine ulinichosha, siwezi kusema uongo. Sasa uani palikuwa kimya. Nilijaribu kuuimba ule wimbo kwa mdomo, nikakuta nusu yake imeshanipotea. Nikaogopa. Nisipojifunza kuupiga, nikawaza, utaondoka wote.

Muziki sijausoma. Nilimaliza darasa la saba, nikaja kuolewa hapa Iyula. Kwa hiyo nilimwita mpiga gitaa wa kwaya, rafiki wa marehemu, anionyeshe pa kuanzia. Nilipotoka jikoni na chai, nikamkuta ameshakaza nyuzi zote.

"Lilikuwa limelegea, shemeji," akasema. "Nimeliweka sawa na kinanda cha kanisani."

"Lilikuwa linaliaje ulipolishika?"

"Hovyo tu. Hakuna hata uzi mmoja uliokuwa mahali pake."

"Unaweza kulirudisha kwenye hovyo ileile?"

Akacheka. Aliponiangalia usoni akaacha kucheka. "Siwezi, shemeji. Sikulisikiliza."

Simlaumu. Alinisaidia kama ambavyo angemsaidia mtu yeyote. Alinionyesha namna ya kubana nyuzi, akanywa chai yake, akaondoka. Mimi nikabaki nalo mapajani. Lilikuwa na sauti safi, na kila nilipogusa, wimbo haukuwemo. Nilipapasa hivyo mchana baada ya mchana mpaka ncha za vidole zikawa ngumu.

Mama mkwe alikuwa akikaa mlangoni na ungo wake, akichagua maharage.

"Mkwe, hiyo sufuria unayokwangua haijatakata tu?"

"Bado, mama."

"Basi endelea kukwangua."

Jumatano moja, alasiri, waliita kwaya kwenye mazoezi. Kengele ya kanisa letu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, wanaigonga kwa nondo. Ilipolia, nikauona mkono wa mume wangu ukienda kwenye skrubu ya juu kabisa ya kukazia nyuzi. "Ngoja rimu," alikuwa akisema, kidevu amekilaza kwenye gitaa. Kinanda hakuwahi kukihitaji. Uzi wake mnene ulikuwa waya uliochomolewa kwenye breki ya pikipiki, na waya huo aliulegeza mpaka ulingane na ile rimu.

Nikaanza kuizungusha skrubu ile haraka. Rimu ikanyamaza kabla sijafika.

Jumapili sikwenda kanisani. Watu walipita njiani na vitenge vyao, wengine wakanisalimia huku wakilitazama gitaa, nami nikaitikia nikiwa nimekaa palepale. Rimu ikagongwa. Nikalegeza taratibu, taratibu, mpaka waya na rimu vikawa sauti moja, na mbao za gitaa zikatetemeka kifuani kwangu. Nilikaa hivyo mpaka mlio ukaisha wote.

Nyuzi nyingine hazikunisumbua sana. Kabla ya kupiga, yeye alizigusa moja moja kuanzia juu hadi chini, na mfuatano huo mdogo wa sauti nilikuwa nimeusikia miaka yote kupitia ukuta wa jikoni. Huo haukuwa umenipotea.

Kisha nikautafuta wimbo. Ulikuja, vipande vipande, mpaka pale unapopanda. Hapo niliuunga kwa kubahatisha, nikapita.

"Hapo umepita sawa mno," mama mkwe akasema kutoka mlangoni. "Mwanangu hapo alikuwa anajikwaa."

"Anajikwaaje, mama?"

Akafungua mdomo auimbe. Akaufunga. Akainamia ungo, akatoa kijiwe, akakitupa uani.

"Rudia," akasema. "Ukijikwaa kama yeye, nitakuambia."

Nikarudia. Nilipokaribia pale, maharage yalinyamaza kwenye ungo. Nikapita. Baadaye kidogo nikasikia mikono yake imeanza tena.

Nikainuka nikageuza kahawa, nikarudi kukaa, nikaanza tena pale unapopanda.