Marehemu Nazire Anapokea Wageni

"Nazire, hebu niambie, hivi wewe ulikufa lini?"

Aliyeuliza ni Döndü, jirani yake wa ukuta mmoja, kapu la sokoni likiwa bado mkononi. Nazire alikuwa uani akianika pilipili nyekundu juu ya kifuniko cha kaburi la kale la mawe. Kaburi hilo lilikuwepo pale kabla ya nyumba na kabla ya msikiti; mwenyewe alikwisha kuwa vumbi zamani, na kifuniko chake kilipata jua zuri. Nazire hakugeuka.

"Nikifa utajua, Döndü. Wewe ndiye utakayekuja kwanza kuchukua sufuria zangu."

"Sitanii, shoga. Nimekutana na mwalimu Perihan huko sokoni, yule wa Ankara. Kaniona tu, kanikumbatia, machozi yanamtoka. Ananipa pole ya msiba. Nikamuuliza msiba gani. Anasema wa Nazire."

Nazire aliiweka chini pilipili aliyoishika.

"Amefikia wapi?"

"Kwa Rasim. Wapi tena."

Nazire aliolewa hapa Gökburun, kijiji chetu cha pwani ya Uturuki, akiwa msichana mdogo, na mumewe alikuwa Halil, mvuvi asiye na maneno mengi. Siku hizo wageni walishuka mlimani kwa miguu, mizigo mgongoni, wakitafuta makaburi ya kale yaliyochongwa kwenye jabali kama milango ya nyumba. Walipomaliza kuyatazama hawakuwa na pa kulala. Nazire akawatandikia magodoro darini, asubuhi akawawekea zeituni, jibini, nyanya, mkate wa moto na jamu ya forsadi za mti wake mwenyewe. Ndivyo nyumba yake ya wageni ilivyoanza, bila kibao wala mpango. Waliokuja mara moja walirudi, wakarudi na watoto, wengine wakarudi na wajukuu. Kila mgeni alipoondoka, Nazire alimsindikiza hadi barabarani na jagi, akamwaga maji nyuma ya basi kama tunavyofanya sote, ili msafiri aende kwa wepesi kama maji na arudi kwa wepesi kama maji.

Rasim alikuwa rafiki wa Halil. Alikula kwenye meza ile tangu hana hata viatu vya maana, na Halil alipofariki, Rasim alishika jeneza upande wa mbele. Baadaye alinunua boti ya kuwapeleka wageni kutazama kuta za mji wa kale zilizozama chini ya bahari, kisha akajenga hoteli ya ghorofa pale karibu na kituo cha basi. Nazire alimpelekea sinia la vitamu vya baklava siku ya ufunguzi.

Halafu wageni wa Nazire wakaanza kupotea. Kwanza wale wa Izmir, halafu Wajerumani wenye mbwa, halafu mwalimu Perihan na mumewe, ambao hawakuwahi kukosa kiangazi hata kimoja. Nazire akadhani ni nyumba. Akauza mbuzi, akabadilisha vigae vya bafuni, akashona mapazia mapya. Hawakuja. Basi akadhani ni yeye. Baada ya kila swala alibaki juu ya mkeka akiomba, "Ya Rabi, kama nimemkosea mgeni wako yeyote, nisamehe, na unijulishe kosa langu." Alitandika vitanda asubuhi, na jioni akavitandua vikiwa havijalaliwa na mtu.

Siku ile aliteremka mpaka hotelini akiwa na kandambili za uani. Mwalimu Perihan alikuwa barazani na glasi ya chai.

"Mwalimu," alisema Nazire.

Glasi ikamtoka Perihan ikavunjika. Alimshika Nazire mikono, akamshika mashavu, akamshika tena mikono.

"Nazire? Mimi nimekusomea Yasini nzima. Mume wangu akasema tutoe sadaka, tukagawa kalimati mtaa mzima kwa ajili yako."

"Zilikuwa tamu?"

"Nini?"

"Kalimati. Mimi sikupata."

Perihan hakujua acheke au alie. Nazire akamuuliza taratibu nani alimwambia. Mwalimu akatazama mlangoni, ambako Rasim alikuwa amesimama na funguo mkononi.

"Yeye ndiye aliyetupokea kituoni, mwaka juzi. Tukamuuliza habari zako. Akavua kofia, akasema Mungu amrehemu, alikuwa mama kwetu sote. Tukalala kwake usiku mmoja tu, tukarudi Ankara."

Rasim alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kupitia.

"Aa, shemeji, hayo ni maneno ya kituoni tu. Kila mtu pale ana lake la kumvuta mgeni. Mbona uko mzima? Nimekupunguzia nini?"

Kulikuwa na watu barazani, wakasubiri Nazire apige kelele. Nazire alikaza mtandio wake, akamwambia Perihan kwamba chumba chake cha zamani kiko tayari, akaondoka. Kilichomchoma hata zaidi ya uongo ilikuwa ile kofia. Mtu aliyekula mkate wake alivua kofia kabisa.

Döndü alitaka waende kwa askari.

"Maiti haendi kwa askari," alisema Nazire. "Tulia."

"Sasa utamfanya nini?"

"Nitabaki kama alivyoniacha."

Hakufanya kitu hadi kiangazi kikaisha na zeituni zikachumwa. Wakati wa baridi habari zikaenea kijijini kwamba jina la Rasim limetoka kwenye kura ya kuchagua mahujaji. Alikuwa amengoja miaka mingi. Na huku kwetu anayekwenda hija hafungi mzigo kabla ya kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, maana Mungu husamehe yaliyo yake, lakini haki ya mja humngoja mja mwenyewe. Rasim alipita kila mlango. Aliwaendea aliowahi kugombana nao, akamwendea hata mchinjaji waliyekuwa hawasalimiani, wakalia pamoja. Mlango wa Nazire aliuweka wa mwisho.

Alimkuta ameketi kando ya kaburi la mawe anachambua maharage.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi."

Nazire akachambua harage, akalitupa bovu.

"Shemeji, nasema nawe."

"Döndü," Nazire aliita kupitia ukutani, "hicho ninachosikia ni upepo?"

"Upepo, shoga," alijibu Döndü. "Unatoka upande wa kituo."

Rasim akarudi siku nyingine na mkewe na boksi la halua. Nazire alimkaribisha mke, akampa chai, akamuuliza hali ya magoti yake. Rasim hakuwekewa hata kiti. Kijiji kikaanza kucheka. Kule mkahawani mtu alipomwona Rasim anaingia, alivua kofia na kusema Mungu amrehemu. Rasim akapungua mwili. Tarehe ilikuwa inakaribia, na mtu mmoja tu ndiye aliyebaki kati yake na safari njema.

Mwishowe alikuja na imamu.

"Nazire, binti yangu," alisema imamu, "mtu anaomba radhi. Mbona humjibu?"

"Imamu, wewe una elimu, nami nimesoma kidogo tu. Niambie, maiti anaweza kutoa radhi?"

Imamu akamtupia Rasim jicho, maana alikuwa anazijua habari zote.

"Hawezi. Haki yake inangoja siku ya hukumu."

"Basi ingoje," alisema Nazire, akaingia ndani kuchochea jiko.

Njiani imamu alimwambia Rasim kwamba hapo yeye hana la kufanya. "Kile ulichokivunja kwa mdomo wako, kakijenge kwa mdomo huo huo, na palepale ulipokivunjia."

Basi majira ya kuchipua yalipofika na mabasi kutoka mji wa Fethiye yakaanza kuleta watu, Rasim alisimama kituoni na kutangaza kwa kila anayeshuka, "Nazire yu hai. Nazire wa kwenye mforsadi yu hai." Aliwaambia hata vijana wa Denmark ambao hawakuwahi kusikia habari za Nazire, wakamshukuru, wakadhani ni salamu ya huku. Akawabebea mizigo mwenyewe, akapita nayo mbele ya hoteli yake, akapanda ngazi zote za mawe, akaishusha getini. Nazire aliwapokea wageni kwa bashasha. Aliyewaleta alijifanya hamwoni. Siku nyingine alimwambia mgeni, Rasim akiwa amesimama palepale anahema, "Kama kuna mtu atawaleta wenzenu, awalete kabla ya adhuhuri, shuka zinakuwa zimekauka." Alikuwa anafurahi, Mungu amsamehe. Alitazama jasho la Rasim likidondoka kwenye ngazi zake, akaona chakula chake kimerudiwa na ladha.

Siku ya kuondoka mahujaji kijiji kizima kilikuwa kituoni. Wanawake walishika majagi. Nazire naye alikuja na lake, limejaa hadi ukingoni, na watu wakampisha mbele. Rasim alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye basi. Akaushusha. Akavua kofia, na safari hii akaishika kwa mikono miwili.

"Shemeji. Nipe radhi niende."

Dereva akazima injini. Nazire alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya glasi.

"Radhi utaikuta ukirudi," alisema. "Maji nitayamwaga yote, ili urudi salama. Mwezi wa tisa wageni huwa wengi, na mizigo yao ni mizito."

Rasim akainamisha kichwa. Mkewe alimvuta mkono, akapanda, akakaa dirishani. Nazire akasogea, akagonga kioo na ukucha hadi alipokifungua.

"Nina ombi moja," alisema. "Ukifika mbele ya Kaaba, niombee maisha marefu. Marefu kuliko yako."