Mikono Miwili ya Buluu

Wewe mwenye wazo la kukusanya watu, weka simu chini kidogo unisikilize. Nitakueleza jinsi nembo inavyotengenezwa na jinsi kundi la mtandaoni linavyojengwa, lakini sitaanza na rangi. Nitaanza na wivu, kwa sababu ndio ulioharibu kazi yangu, na siku hizo hakuna aliyenionya.

Nilikuwa na chumba kimoja mtaa wa Ndosho, kompyuta moja na mashine ya kuchapa. Nilitengeneza kadi za harusi, picha za matanga na mabango ya makanisa. Mlima wa moto ulipolipuka na mji ukaambiwa uondoke, nilishika njia ya Sake pamoja na rafiki yangu niliyesoma naye tangu shule ya msingi. Tulipumzika upande wa ziwa la Lac Vert, tumekaa juu ya mizigo. Mimi nilibeba kompyuta imeviringishwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Yeye alikuwa na diploma yake tu, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Angalia," alisema akicheka. "Wewe unakimbia na kazi. Mimi ninakimbia na karatasi."

Wazo lake lilianzia hapo. Kwetu, kijana akimaliza chuo anasubiri kizibao, kile chenye nembo ya shirika la msaada mgongoni. Anaandika barua za maombi, anasubiri, anaandika tena, na miaka inapita. Rafiki yangu alitaka vijana wajiulize maswali mengine: ninajua kufanya nini, na nani anakihitaji hapa hapa? Aliota vuguvugu la watu wanaotafuta kazi yenye maana hata kama haina kizibao. Tuliporudi mjini alikuja chumbani kwangu.

"Mon cher, mimi niko na maneno tu," akasema. "Wewe ndiwe utatupa uso."

Nililichukua neno hilo kama kiapo. Kulikuwa na yeye, halafu mimi. Sikuona nafasi ya mtu wa tatu.

Kazi ya nembo ni rahisi kuieleza: mtu akutambue kabla hujafungua mdomo. Basi nilichagua buluu kwa sababu inatuliza, nikachora mikono miwili iliyofunguka, kwa sababu kazi njema ni kutoa. Niliandika hata ukurasa wa masharti, buluu ipi, herufi zipi, mikono ikae wapi. Nilifungua kundi la mtandaoni. Rafiki yangu alikuwa anabadilisha simu, kwa hiyo aliniachia usimamizi wote. "Mambo ya mitambo ni yako," alisema. Jioni ya kuamkia mkutano wa kwanza tulitundika bango kubwa kwenye ukumbi wa parokia.

Wakati huo waasi walikuwa wameshachukua Bunagana, kule mpakani na Uganda, na watu waliokimbia walikuwa wamejaa mjini. Asubuhi tulikuta foleni imezunguka ukumbi. Kina mama wenye mabeseni, wazee wenye magunia matupu, kila mtu na jetoni yake ya kupokelea msaada mkononi.

"Papa, mutaanza saa ngapi?" mama mmoja aliniuliza.

"Kuanza nini, mama?"

"Unga."

"Hapa hakuna unga, mama. Ni mkutano wa vijana, juu ya kazi."

Alinyoosha kidole kwenye bango. "Na ile mikono?"

"Ile mikono haigawake kazi," akasema muzee nyuma yake. "Inagawaka unga na masahani. Sisi tunaijua."

Wengine walicheka, lakini nyuma sauti zilianza kupanda. "Banatucheka!" "Bameficha unga!" Mimi nilisimama na ukurasa wangu wa masharti mkononi. Katika mji ambako buluu na mikono huja pamoja na lori la msaada, nilikuwa nimechora ahadi. Watu walinitambua kabla sijafungua mdomo, ila walimtambua mwingine.

Ndipo mama mmoja alitoka kwenye foleni, akageuza beseni lake, akalikalia.

"Foleni tumeshaishika, basi tukae," akasema. "Mimi nilikuwa nashonea banafunzi uniforme kule Bunagana. Ninajua kukata bila kupima. Na wewe, mama?"

"Mimi?" jirani yake akashtuka. "Ninajua jibini. Ya Masisi."

"Na wewe, muzee?"

"Natengenezaka redio," akajibu yule muzee. "Zinapona. Habari zake tu ndizo hazipone."

Foleni nzima ilicheka, na hasira ikashuka. Rafiki yangu alitoa simu, akarekodi sauti moja baada ya nyingine na kuzituma kwenye kundi. Mpaka saa sita vijana wa diploma walikuwa wamekaa chini na wazee wa magunia, wanaulizana nani anajua nini. Hakuna aliyelitazama bango langu tena.

Tulipokuwa tunalishusha, rafiki yangu alisema, "Umesikia yule mama mushonaji? Huyo ndiye uso wetu."

Uso. Neno langu, alimpa mtu aliyekuja kutafuta unga. Nilitabasamu, nikaendelea kukunja kitambaa.

Mama mushonaji aliingia kwenye kundi, na tangu siku hiyo nilisikiliza kila ujumbe wake wa sauti nikitafuta kasoro. Kuku walisikika nyuma. Alisahau kutaja jina la vuguvugu. Alimkaribisha kila mgeni kwa swali lile lile, "Unajua kufanya nini?", na wageni walimjibu kwa sauti ndefu zenye kicheko. Chini ya mabango yangu mazuri kulikuwa na kidole gumba kimoja, cha rafiki yangu, na nilijua alikiweka kwa mazoea.

Basi nilifunga kundi. Niliweka kwamba msimamizi peke yake ndiye anayeweza kuandika, na msimamizi nilikuwa mimi. Nilieleza sababu kwa upole: utaratibu, heshima ya nembo, kuepuka kelele. Nilieleza vizuri sana. Ndiyo hatari ya kujua kueleza, unaweza kuuvalisha hata wivu wako koti la hekima. Rafiki yangu aliniamini. Mama mushonaji aliniandikia kando "Sawa, patron," kama anayemjibu bosi wake, akanyamaza. Nami nilifurahia ule ukimya, sitakudanganya.

Kisha vita viliingia mjini kwenyewe. Tulilala sakafuni, umeme ukakatika, mtandao ukakatika. Uliporudi niliwasha simu, nikakuta watu wamenijia mmoja mmoja.

"Patron, uliza kwa kundi nani ako na nafasi ya kulala."

"Patron, muzee wa redio ako muzima?"

Walikuwa wamezoeana kwa sauti, na sasa kila mmoja alibisha kwenye mlango mmoja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu tangu siku ya kwanza. Mwisho nilifungua sauti ya mama mushonaji. Kuku walikuwepo bado.

"Patron, kwetu tuko salama, mashine iko. Niko na nafasi ya batu batatu kushona na mimi. Nilitaka kubaambia lakini siwezi kusema kwa kundi. Nilikosa nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu, ili ajirekebishe.

Nilianza kuandika maelezo. Yalikuwa marefu na yalipendeza, kwa hiyo niliyafuta. Niliandika kwenye kundi: "Nilifunga kwa sababu ya wivu. Mama, hukukosa kitu. Nimefungua." Kisha nilimpa usimamizi. Halafu ikaja sauti ya muzee: "Redio moja imepona. Mimi pia." Baada yake sauti zikamiminika, na kabla ya jioni watu watatu walikuwa wamepata ile nafasi ya kushona.

Rafiki yangu alinipigia. "Nilikuachia mitambo, si watu," alisema. Mpaka leo hajalirudia neno hilo.

Nilimuuliza mama mushonaji tuweke nembo gani. "Toa mikono," akasema. "Andika tu 'Ninajua', uache nafasi." Basi ni hivyo: neno moja jeusi kwenye karatasi nyeupe, na nafasi mbele yake ambayo kila mtu anaijaza kwa mkono wake. Ukipita Ndosho utaziona milangoni. Ni nembo bora kuliko zote nilizowahi kuchapa, na wazo si langu. Mtu akiisifu mbele yangu, bado nasubiri kidogo nione kama atauliza nani aliichora. Haulizi. Inauma kidogo, naendelea na kazi.

Kwa hiyo wewe, usianze na rangi. Fungua kundi leo, mpe kila mtu ruhusa ya kusema, utume sauti fupi: unajua kufanya nini, na unamfanyia nani. Kisha nyamaza, umsikilize anayefuata mpaka amalize.