Mkeka wa Juu ya Kabati

Mimi nikianza kupanga vitu situlii. Duka langu la mtandaoni la kazi za mikono, hapa Tabora, nilikuwa nimeshalipangua mara nne wiki hiyo: vikapu huku, vyungu kule, kisha narudisha. Kundi la "Pikiniki" peke yake lilibaki tupu, likinikera kama uzi wa muwa kwenye meno. Nikakumbuka mkeka niliowahi kuupiga picha Kwihara kwa mama mkwe, uliokuwa ukiwekwa juu ya kabati. Nikaubandika, nikaandika: "Jilaze, usahau shida zote."

Ijumaa mama mkwe akaingia kwangu na simu ya mjukuu mkononi. Mawifi walikuwapo.

"Shikamoo, mama."

Akanionyesha tangazo langu kwenye simu.

"Mkwe wangu, ule mkeka nimejisukia wa kuzikiwa. Sasa nani anauwahi, mteja wako au mimi?"